Hesabu ya Ijumaa Ibaki ya Ijumaa: Namna ya Kutuma Jedwali Lisilobadilika

Mhazini wa kikoba kimoja cha akina mama wanaonunua na kuanika dagaa Kibirizi aliingia dukani kwangu Jumanne asubuhi, hapa Mwanga mjini Kigoma, ameshika simu mbili. Moja yake, ya pili ya mwanachama mwenzake. Baada ya shikamoo na marahaba aliziweka mezani zote zikiwa zimewaka.

“Mwanangu, faili ni lilelile ulilonitengenezea, nikalituma kwenye grupu Ijumaa. Hii simu inasema mwenzetu amechelewesha rejesho siku tatu. Hii inasema siku saba. Nani kaligusa?”

Faini yao ni shilingi 500 kwa siku. Siku tatu ni shilingi 1,500, siku saba ni 3,500. Mtu wa nje ataona ni tofauti ya shilingi 2,000 tu. Ndani ya kikoba, ambako mtaji wa kwanza ni kuaminiana, hayo ni maneno ya wiki nzima, na aliyetajwa kuchelewa alikuwa ameshaanza kusema anaonewa.

Hakuna aliyekuwa ameligusa. Nilipotengeneza jedwali lile niliandika fomula ya siku za kuchelewa kwa kutumia TODAY(), yaani chukua tarehe ya leo, toa tarehe ya rejesho. Simu ya mhazini ilikuwa inalichungulia faili tu, ikionyesha namba zilizohifadhiwa nilipolifunga Ijumaa. Simu ya mwenzake ina programu kamili ya majedwali. Ikalifungua, ikauliza leo ni lini, ikapiga hesabu upya. Siku nne zikaongezeka zenyewe. Simu zote mbili zilikuwa sahihi kwa namna yake, na hilo ndilo lililonisumbua zaidi.

Maswali ya aina hii hunijia mara kwa mara, kutoka kwa viongozi wa vikoba, makarani wa AMCOS (vyama vya ushirika vya wakulima) za kahawa wanaoshuka kutoka Kalinzi, walimu wenye matokeo ya mitihani. Nitumeje jedwali langu lisibadilike? Na siku chache baadaye anarudi na la pili: mbona kile kitufe ulichonionyesha hakipo tena? Nataka kuyajibu yote mawili kwa pamoja, kwa sababu anayeelewa la kwanza hababaishwi na la pili.

Tuanze na jedwali lenyewe, maana liliumbwa libadilike. Programu ya kwanza ya majedwali kwenye kompyuta ndogo, VisiCalc, ilitoka mwaka 1979. Dan Bricklin, aliyeitengeneza pamoja na Bob Frankston, alipata wazo hilo akiwa mwanafunzi Harvard, Marekani, akimtazama mwalimu akijaza hesabu ubaoni. Namba moja ikikosewa, mwalimu alifuta na kuandika upya kila namba iliyoitegemea. Bricklin alitaka ubao unaojirekebisha wenyewe, na Excel, Google Sheets na LibreOffice Calc zote bado ni ubao huohuo.

Kwa hiyo ukituma faili la Excel kwenye grupu la watu thelathini, umewagawia mashine thelathini za kupigia hesabu, na kila moja itafanya kazi kwa mazingira ya simu ilimo. Seli, yaani kisanduku kimoja cha jedwali, iliyohifadhiwa kama tarehe kamili huonyeshwa kwa mpangilio wa simu husika: 3/4 ya huku, yaani tarehe tatu Aprili, kwenye simu iliyowekwa mpangilio wa Marekani inakuwa 4/3. Ukitumia fomula mpya kama XLOOKUP, ya kutafuta kitu kwenye orodha, mwenye Excel ya 2016 atakuja kuona alama ya kosa, #NAME?, mahali pa jina la mwanachama pale faili litakapopiga hesabu upya. Halafu kuna kidole gumba. Mtu anasogeza skrini atafute jina lake, anagusa seli bila kujua, anabonyeza herufi moja, programu inahifadhi yenyewe, naye analirusha tena kwenye grupu kwa nia njema ili aliyekuja nyuma alione. Tangu hapo grupu lina matoleo mawili yenye jina moja.

PDF ilizaliwa kwa haja iliyo kinyume kabisa. Adobe waliitoa mwaka 1993 ili ukurasa uonekane sawasawa kwenye kila mashine, bila kujali mashine hiyo ina programu gani. Ndani yake fomula za jedwali hazimo. Kuna maandishi, namba, mistari, na maelezo ya kila kimoja kikae sehemu gani ya karatasi. Tangu 2008 ni kiwango cha kimataifa, ISO 32000, hivyo yeyote anaweza kutengeneza programu ya kuisoma au kuiandika, na ndiyo sababu hata simu ya bei ndogo inaifungua.

Hapo ndipo watu wengi husimama: basi PDF, yameisha. Hayajaisha. Mtu akisema “lisibadilike” huwa ana mambo matatu kichwani bila kuyatenganisha. Anataka mwenzake asiliharibu kwa bahati mbaya. Anataka namba zibaki zile za siku ile. Na anataka mwenye nia mbaya asiweze kulighushi. PDF inatimiza la kwanza na la pili vizuri sana. La tatu inalitimiza kidogo mno, na nitalirudia, kwa sababu ndilo linaloumiza vikundi.

Kwanza hilo la kitufe. Niliwahi kuwafundisha viongozi wa kikundi kimoja kwa kuwaandikia hatua kwenye karatasi: bonyeza hapa, kisha hapa, chagua PDF. Nikaona nimewasaidia. Miezi michache baadaye programu ya simu waliyokuwa wakiitumia ilijisasisha usiku, kitufe kikahamia menyu nyingine, na walipokipata wakakutana na ombi la malipo. Karatasi yangu haikuwa na kazi tena. Nilikuwa nimewaonyesha pa kuweka kidole bila kuwaambia wanatafuta nini.

Na kitufe hiki kimekuwa kikihama tangu zamani. Microsoft ilipokuwa ikiandaa Office 2007 ilikusudia kuweka PDF moja kwa moja ndani yake. Mwaka 2006 Adobe ikapinga, Microsoft ikaiondoa, na aliyeihitaji akalazimika kupakua kiongezo cha bure pembeni. Ilirudi ndani mwaka 2009, kwa sasisho kubwa la pili la Office hiyohiyo. Microsoft ilikuwa pia na hati yake yenyewe isiyobadilika, XPS. Leo ukikuta faili la XPS kwenye flashi ya zamani, kompyuta mpya ya Windows inaweza isilifungue mpaka uongeze kisomaji chake. Google nayo ilikuwa na huduma ya kuprinti kupitia mtandao, Cloud Print. Iliifunga mwisho wa 2020, na waliokuwa wameitegemea wakaanza upya.

Muda wote huo kuna mlango mmoja ambao haukufungwa, nao ni mlango wa kuprinti. Ukifikiria vizuri, PDF ni karatasi iliyoprintiwa bila karatasi. Ndiyo maana watengenezaji wa mifumo waliamua kuiweka pale pale kwenye printa. Kompyuta za Mac zina chaguo la kuhifadhi PDF kwenye dirisha la kuprinti tangu miaka ya mwanzo ya 2000. Android ililipata kwenye toleo la 4.4, mwaka 2013. Windows 10 ilipotoka mwaka 2015 ilikuja na printa isiyoonekana iitwayo Microsoft Print to PDF: unaichagua kama unavyochagua printa ya dukani, nayo badala ya kutoa karatasi inakuuliza faili liitwe nani. Mlango huu ni wa simu au kompyuta yenyewe, kwa hiyo mabadiliko ndani ya programu ya majedwali hayaufikii kirahisi.

Siku hizi, basi, karatasi ninayompa mteja ina maneno machache. Tafuta neno Print popote lilipo. Mahali pa kuchagua printa, chagua PDF. Tazama kurasa kabla ya kuhifadhi. Programu ya simu ikikataa au ikidai hela, fungua jedwali kwa Google Sheets, au njoo na faili tulifungue kwa LibreOffice, ambayo ni ya bure na ilirithi kazi ya kutoa PDF kutoka OpenOffice iliyokuwa nayo tangu 2003. Njia za mkato kama “Export” na “Save As” ni nzuri zikiwepo, na wakati mwingine hutoa PDF safi zaidi. Ila usijenge utaratibu wa kikundi juu yake.

Hiyo hatua ya kutazama kurasa ndiyo inayorukwa, na ndiyo yenye kazi halisi. Skrini ya jedwali haina mwisho. Excel ya sasa ina safu mlalo 1,048,576 na safu wima 16,384. Karatasi ya A4 ina mwisho. Usipoiambia programu ikate wapi, itakata yenyewe. Nina PDF moja ya kikoba ninayoitumia kufundishia. Ukurasa wa kwanza una Jina, Hisa, Mkopo, Riba, Rejesho. Safu ya mwisho, Baki, imeangukia ukurasa wa pili ikiwa peke yake: mkanda mwembamba wa namba thelathini zisizo na jina hata moja. Mwanachama akiwa na simu mkononi hawezi kujua baki yake ni ipi. Ukurasa wa tatu una mistari mitupu kwa sababu mtu aliwahi kugonga kitufe cha nafasi kwenye seli ya chini kabisa.

Dawa yake iko kwenye mpangilio wa ukurasa. Laza karatasi, iwe pana kuliko urefu. Weka A4, kwa maana programu nyingi huja zikiwa na karatasi ya Marekani inayoitwa Letter, ambayo ni fupi na pana kidogo. Agiza safu wima zote ziingie kwenye upana wa ukurasa mmoja, na urefu uachwe huru uende kurasa ngapi utakavyo. Hapo wengi hukosea kwa kulazimisha kila kitu kiwe ukurasa mmoja, maandishi yanakuwa madogo kama mbegu za mchicha. Agiza mstari wa vichwa ujirudie juu ya kila ukurasa. Chagua eneo la kuprintiwa ili mistari mitupu ibaki nje. Ukiona alama za reli, #####, safu ni nyembamba kuliko namba iliyomo. Kwenye Excel unaweza kuipanua muda wowote, kwenye PDF alama hizo zitabaki hivyo daima. Mipangilio hii hukaa ndani ya faili. Ukiifanya mara moja vizuri, mwezi ujao hukuti kazi.

Na kabla ya kugandisha, ua ile TODAY(). Kwenye jedwali la yule mama niliweka seli moja juu, “Hesabu hadi tarehe”, na fomula zote za kuchelewa sasa zinaisoma hiyo. Kwenye Excel ya kompyuta, Ctrl na nukta mkato huandika tarehe ya leo ikabaki hiyohiyo daima. Faida yake imezidi nilivyotarajia. Wavuvi wa dagaa hupunguza au kuacha kazi mbalamwezi ikiwa kubwa, na biashara ya akina mama hawa husimama nao. Mwaka 2024 uvuvi wa Ziwa Tanganyika ulisimamishwa miezi mitatu mizima, kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti. Kikundi kinaweza kukubaliana kwamba siku za aina hiyo hazihesabiwi faini. Fomula inayoangalia saa ya simu haijui makubaliano hayo. Tarehe iliyoandikwa na mhazini mbele ya wenzake inayajua.

Kuna jambo lingine linalonifanya nisisitize PDF kwa orodha yoyote yenye majina ya watu: vilivyofichwa. Kwenye Excel unaweza kuficha safu, ukaficha hata ukurasa mzima, na aliyepokea faili akaufichua kwa kubonyeza mara mbili. Agosti 2023 polisi wa Ireland ya Kaskazini walijibu ombi la taarifa kwa kutoa jedwali kwa umma. Ndani yake kulikuwa na ukurasa uliofichwa wenye majina ya watumishi wao wapatao 9,500, katika nchi ambayo askari bado huishi kwa kuficha kazi yake. Waliotuma hawakuuona. Kikoba cha Kibirizi hakina siri za aina hiyo, lakini kina namba za simu, madeni, majina ya wadhamini, na pengine maelezo ya ugonjwa wa mtu aliyeomba mfuko wa jamii. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inawahusu wanaotunza taarifa za watu, na hata isingekuwepo, mambo ya mgonjwa si ya kusambaa.

PDF hutoa kile kinachoonekana tu, kwa hiyo kilichofichwa hubaki nyuma. Lakini hakikisha bado kimefichwa wakati wa kuprinti. Mwaka 2008, benki ya Barclays ilipokuwa inanunua mali za Lehman Brothers, benki ya Marekani iliyofilisika, ofisi ya mawakili wake ilipokea jedwali lenye seli zaidi ya 24,000 usiku, ikalipanga na kuligeuza PDF ili liwahi mahakamani. Mikataba 179 ambayo Barclays haikuitaka ilikuwa imefichwa tu, haikufutwa. Katika kupanga upya, safu zile zikafunguka, mikataba ile ikaingia kwenye PDF, na mawakili wakalazimika kurudi mahakamani kuomba iondolewe. Mimi siku hizi sifichi. Nanakili kile kinachotakiwa kwenda nje, naweka kwenye faili jipya, nabandika namba pasipo fomula, ndipo natoa PDF.

Watu huniuliza kuhusu njia mbili nyingine. Ya kwanza ni kulifunga jedwali kwa nenosiri ili seli zisiandikike. Inafaa kumzuia yule wa kidole gumba, basi. Faili la xlsx, yaani la Excel, ni mfuko uliobanwa wa mafaili madogo ya maandishi, na kufuli hilo ni mstari mmoja ndani ya faili mojawapo; anayejua kuufungua mfuko anaufuta mstari na kufuli halipo. Nenosiri la kufungulia faili zima ni jambo tofauti, hilo husimba kila kitu kwelikweli, kisisomeke bila nenosiri, lakini sasa una watu thelathini wanaouliza nenosiri kwenye grupu.

Njia ya pili ni kiungo cha Google Sheets cha kutazama tu. Naipenda kwa kazi ya kila siku ya kamati. Kwa taarifa ya mwezi siipendi, kwa sababu kiungo ni dirisha: mhazini akirekebisha namba leo usiku, wote wanaona namba mpya, na ya jana haionekani tena kwa mtazamaji. Mwanachama aliyekwenda vijiji vya kusini mwa ziwa, ambako mtandao huja na kupotea, hataona chochote. Zaidi ya hapo, mtazamaji anaweza kujitolea nakala yake, akaiandika anavyotaka, isipokuwa mwenye faili amezima kupakua na kunakili kwenye mipangilio ya kushirikisha.

Sasa lile la tatu, kughushi. PDF inaweza kubadilishwa. Word huifungua na kuihariri tangu toleo la 2013, LibreOffice huifungua pia, na zipo programu za kazi hiyo hasa. Nenosiri la kuzuia kuhariri PDF ni ombi kwa programu inayoifungua. Zipo zinazoliheshimu na zipo zisizoliheshimu. Sahihi ya kidijitali huonyesha kama hati imeguswa baada ya kusainiwa, ila sijaona kikundi cha mtaani chenye nayo. Wengi huprinti, wakasaini, wakapiga muhuri, wakaskani. Muhuri una heshima yake, lakini picha ya muhuri hunakilika kama picha nyingine, na skani huwa nzito kwa bando la mtu.

Kinachomzuia mghushi ni nakala nyingi zilizotoka kwa wakati mmoja. PDF ikishatumwa kwenye grupu saa kumi na mbili jioni, imo kwenye simu thelathini, ina saa ya kutumwa, na jumla iliyo chini yake imesomwa kwa sauti na kuandikwa kwenye daftari la kikundi. Anayetaka kuibadilisha abadilishe yake. Zimebaki ishirini na tisa na daftari. Ndiyo maana nawaomba waweke jumla kuu mwisho wa kila ukurasa, waandike tarehe ndani ya hati na kwenye jina la faili, na marekebisho yatoke kama hati mpya yenye neno “marekebisho”, ile ya kwanza ikiachwa pale ilipo.

Jedwali lenyewe la Excel linabaki kwa mhazini na kwa mtu mmoja mwingine wa kamati, kwenye flashi au barua pepe. Usilifute ukidhani PDF inatosha. Kuzirudisha namba kutoka kwenye PDF kwenda kwenye jedwali ni kazi ya kuchosha, fomula hazirudi, na nimeshamwona katibu akiandika upya hesabu za mwaka mzima kwa mkono.

Yule mama alikaa mpaka tukamaliza. Tulirudisha hesabu ya Ijumaa kwa tarehe yake, siku tatu, shilingi 1,500, tukatoa PDF ya ukurasa mmoja. Alivaa miwani, akafuata mstari wa mwenzake kwa ncha ya kalamu kutoka jina hadi baki, kisha akaituma kwenye grupu palepale dukani. Tukasubiri. Aliyekuwa analalamika ndiye aliyejibu wa kwanza: “Nimeiona. Ni kweli, siku tatu. Nalipa Ijumaa.”